Kiboksi cha Betri na Masikio ya Mzazi

Mwezi wa sita si mwezi wa kujifungulia Mbeya. Mimi nilijifungua mwezi wa sita. Maji ya kunawa yanauma mpaka kwenye mifupa, asubuhi hutaki hata kutoa pua nje ya blanketi, na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka kijiji kimoja cha nje ya Iringa kunilea mimi na mtoto, alinikuta wodini nimekaa kichwa wazi. Akavua kilemba chake mwenyewe, akanifunga nacho mpaka yakabaki macho na pua.

"Mzazi anaingia baridi kwa masikio," alisema. "Ikishaingia, haitoki. Utakuja umwa kichwa mpaka uzeeni, useme umerogwa."

Basi nikarudi nyumbani Ilomba na pamba masikioni. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na ua mmoja, na mume wangu alikuwa Madibira akinunua mpunga, maana mavuno hayamsubiri mtu eti mkewe kajifungua. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu watatu: mimi kitandani, binti yangu kifuani, na mama mkwe mlangoni na jiko lake la mkaa, analinda arobaini yangu kama askari wa benki. Uji wa pilipili manga asubuhi, mchana, jioni. Nikisema nimeshiba, anasema aliyeshiba ni mimi, mtoto bado.

Ukutani, juu ya kichwa changu, lilining'inia gitaa langu.

Mchana mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Lakini ukiniuliza mimi ni nani hasa, nitakuambia mimi ndiye ninayepiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu. Wanawake kwenye kwaya yetu huimba, wanaume hupiga vyombo, na kile kiti cha solo nilikipata kwa vidole na kwa mdomo, kwa sababu nilibishana na kila mtu mpaka wakachoka. Nilikikalia nikiwa mjamzito mpaka gitaa likawa linakaa juu ya tumbo na mikono inafika kwa shida. Nilikipenda kile kiti kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda kiti.

Wiki ya kwanza kwaya ilikuja kuona mtoto. Walileta sabuni, khanga na sukari, wakaimba mbili tatu kwa sauti ya chini, wakanywa chai. Wakati wa kuaga, mwalimu wa kwaya akasogea kitandani, akasema maneno yake taratibu.

"Usiwe na wasiwasi na kiti, dada. Yupo kijana wa chuo anatushikia."

"Anashika vizuri?" niliuliza.

"Sana," akajibu, na hakuona nilivyoumia. "Sasa, mwezi wa nane tumealikwa Iringa, kuna kanisa linafunguliwa. Ukishatoka arobaini, Jumamosi inayofuata njoo mazoezini. Tutawasikiliza wote wawili. Aliye tayari ndiye atakayeketi."

Walipoondoka, mama mkwe alikusanya vikombe akiwa amenuna. "Huyo mwalimu yenu ana akili kweli? Mtoto mchanga hapandi basi ya mbali. Iringa gani?" Nikaona mlima wangu una vilele viwili. Kwanza nimshinde kijana wa chuo. Halafu, nikishamshinda, nimshinde mama mkwe, na huyo hajawahi kushindwa na mtu tangu nimfahamu.

Nikaanza na kijana. Nilihitaji kufanya mazoezi, na spika yangu kubwa ya gitaa ilikuwa imefunikwa khanga kule pembeni, haifai. Nikiwasha ile, mtoto anaamka, wapangaji wanagonga ukuta, na mama mkwe anairudisha Iringa na mimi ndani yake. Niliomba angalau nishike gitaa hivi hivi, kavu, bila umeme. Akafikiri sana.

"Likinyamaza, lishike," alisema. "Likisema, linarudi ukutani."

Hapo ndipo nilipoingia wazimu wa vifaa, na sitanii, zilikuwa siku tamu kupita zote za uzazi ule. Nilipakua kwenye simu programu ya gitaa, bando lote likaishia humo. Nilipoifungua niliona picha za spika za kila namna, za kale na za kisasa, na visanduku vya rangi vya kuongeza mwangwi, vya kutetemesha sauti, vya kuikwaruza, vya kuifanya itoke kama iko chini ya maji. Unavipanga kwa kidole kama sahani kabatini. Nilinyonyesha kwa mkono mmoja, nikapanga spika kwa mkono mwingine. Mtoto akibadilisha ziwa, na mimi nabadilisha mkono, tunaendelea.

Tatizo ni kwamba gitaa lazima liingie kwenye simu kwa waya wake maalumu, na sikuwa nao. Nikaona nijaribu ujanja: nikaiegemeza simu kwenye nyuzi isikilize yenyewe, nikachagua mwangwi ulioandikwa kuwa ni wa kanisa kuu. Bahati mbaya binti yangu akaanza kulia wakati huohuo. Kilio kikaingia kwenye simu, kikatokea kwenye spika yake kikiwa kikubwa, kizito, kinazunguka kuta. Mtoto wa wiki mbili akasikika kama askofu aliyekasirika. Mama mkwe aliingia mbio na mwiko mkononi, akaangalia mtoto, akaangalia dari. Nilizima simu nikaiweka chini ya mto, nikacheka mpaka mshono ukaniambia niache.

Mume wangu, nilipomweleza kwa simu shida yangu, akaniambia hilo ni dogo. Akatuma kwa kondakta wa basi hedifoni kubwa zisizo na waya, zile zinazofunika sikio zima, zenye sponji nene. Mama mkwe ndiye aliyefungua mfuko. Akazigeuza, akabonyeza sponji, akazivaa kwanza yeye mwenyewe, akatulia kidogo kama anayeonja chumvi. Halafu uso wake ukafunguka, nikaona jinsi alivyokuwa msichana.

"Mwanangu ametumia akili," alisema. "Hii ndiyo kitu ya mzazi. Baridi itapita wapi hapa?"

Akanitoa pamba masikioni, akanivika hedifoni kwa mikono yake, akafunga kilemba juu yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza. Nikaufunga. Nani anakataa baraka? Kuanzia siku hiyo nikawa nakatazwa kuzivua. Nikizivua niende bafuni, nasikia nyuma yangu: "Masikio!" Akawatangazia wapangaji wote uani kwamba siku hizi wazazi wana vifaa vyao vya masikio, kwamba pamba ni mambo ya zamani, na mwanamke wa chumba cha nne, naye ana kichanga, akaja kuuliza zinauzwa duka gani la dawa.

Ila kwa gitaa hazikufaa kitu. Waya maalumu niliupata, nikaunganisha kila kitu, nikapiga uzi mmoja. Kimya. Halafu, mkono ukiwa umeshakwenda mbele, sauti ikaja. Ilikuwa kama kuongea na ndugu aliye nje ya nchi, unamsalimia, unasubiri, unadhani hajasikia, unamsalimia tena, mnagongana. Nikipiga haraka ndiyo kabisa, vidole viko kwenye ubeti wa pili, masikio yako kwenye utangulizi. Nikaelewa kwamba hedifoni za gitaa lazima ziwe na waya.

Nikampigia mzee mmoja mwenye duka la vyombo vya muziki pale Mwanjelwa, mtu wa asili ya pwani, mwenye subira na Kiswahili cha kunyooka. Yeye hajui kupiga gitaa hata kidogo. Sikujua hilo wakati namwomba anipigie kila pedali aliyonayo, vile visanduku vya kubadilisha sauti, nisikie kwa simu.

"Subiri, binti yangu," alisema. Nikasikia akichomeka. Akapiga nyuzi zote sita wazi, buruu. Akabonyeza pedali, buruu tena. Kwenye simu zote zilikuwa sauti moja, ya nyuki kwenye kopo.

"Umesikia tofauti?"

"Hapana, mzee."

"Basi nitakwambia kwa mdomo. Hii ya kijani inasema waau, waau. Hii nyeusi inasema jambo mara moja kisha inalikariri, mbo, mbo, mbo. Hii nyekundu, binti yangu, hii inakoroma, siipendi, wateja wangu wananunua lakini siipendi."

Aliimba pedali zote za dukani kwake, na nilisikia wateja nyuma yake wakicheka, na yeye akiwaambia wakae kimya, ana mgonjwa kwenye simu. Nilipomaliza kucheka nikachagua ile inayokariri, ya kuchomeka ukutani, na hedifoni za waya.

Hapo mama mkwe akaingilia. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na kusikia kwake ni kwa hiari yake. "Waya kutoka ukutani mpaka kichwani kwa mtu anayenyonyesha? Umeme itaingia kwenye maziwa."

"Mama, umeme hauingii kwenye maziwa."

"Wewe umewahi kunyonyesha kabla ya huyu?"

Sikuwa nimewahi. Nikamrudia mzee kwenye simu, nikamweleza masharti. Kitu kiwe kimya. Kifunike masikio. Kisiguse ukuta.

"Binti yangu," alisema, "mnunuzi ni wewe au mkweo?"

"Ni sote wawili."

Akawaza, nikamsikia akisogeza maboksi. "Ninacho kimoja," alisema. "Kidogo, kinakula betri kama za rimoti. Mwangwi umo, mitetemo imo, na ngoma zimo ndani, zinakupigia mdundo wewe unapiga juu yake. Hedifoni zinachomekwa pembeni. Wateja wanakipita kwa sababu hakina umbo la kutisha."

Kikaletwa na bodaboda mchana huohuo, pamoja na hedifoni nyingine, kubwa vilevile, nyeusi. Mama mkwe akakifungua mgongo, akaona betri zimelala ubavu kwa ubavu.

"Kumbe ni tochi," alisema, akanikabidhi. Nikawa nimepata ruhusa ya serikali.

Jamani. Sijui niseme nini kuhusu wiki zile. Mtoto akilala mchana, nami nimefunikwa blanketi mpaka mabegani, kilemba juu ya hedifoni, gitaa mapajani, nabonyeza kitufe na ngoma zinaanza kichwani mwangu peke yangu. Aliye nje anasikia chwi chwi chwi ya nyuzi, basi. Ndani mwangu kuna uwanja mzima wa mpira. Nilijaribu kila sauti iliyomo. Nilipiga nyimbo za kwaya chini ya maji, nikazipiga zikikoroma ili kumsikia adui wa mzee wa Mwanjelwa, halafu nikarudi kwenye mwangwi, maana solo ya kwaya zetu bila mwangwi ni chai bila sukari. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama kichaa. Mama mkwe akawaambia majirani: maskini, gitaa yake imekufa sauti, lakini anaipenda tu, anaipiga hivyohivyo. Wakaja wawili kunifariji.

Ukweli ulitoka siku ya baridi kali, mvua ya ukungu ikinyesha. Nilikuwa nimevua kila kitu nimbadilishe mtoto nepi, gitaa liko kitandani, kiboksi kinawaka. Mama mkwe alikuwa anapuliza jiko mlangoni na masikio yanamuuma kwa upepo. Akanyoosha mkono, akachukua hedifoni na waya wake, akavaa. Wakati huohuo binti yangu, akiwa uchi na furaha, akarusha mguu, akapiga nyuzi zote kwa kisigino.

Mama mkwe alichuchumaa akashika kichwa. Nadhani alijua radi imempata. Akabaki hivyo mpaka mwangwi ukaisha wote, halafu akageuka polepole, akaangalia mguu wa mjukuu wake, gitaa, waya, mimi.

"Rudia," alisema.

Nikaogopa kwa kweli. Nikachukua gitaa, nikawasha ngoma, nikampigia wimbo mzima wa Iringa, ule ambao mimi na kijana tungepimwa nao. Yeye aliwahi kuimba sauti ya pili kijijini kwao miaka na miaka, kwaya ya midomo mitupu, haijawahi kuona waya. Alisikiliza macho yamefumbwa na kipepeo cha mkaa kimelala mapajani. Nilipomaliza hakuvua.

"Kwa hiyo hii si ya baridi," alisema.

"Inazuia baridi pia, mama."

"Na siku zote hizo umelala hapo, ulikuwa kazini."

Nilijua sasa gitaa linarudi ukutani. Akavua hedifoni, akazishika kwa mikono miwili, akazitazama. Akaniuliza kama zile ngoma zinaweza kupiga bila mimi.

Nikamwonyesha kitufe. Hapo nikapoteza kiboksi changu. Mtoto akilala, napiga mimi. Mtoto akiamka, nanyonyesha, na mama mkwe anakitia kiboksi kwenye mfuko wa sweta, anavaa hedifoni, anasonga ugali kwa mdundo. Nilimwona kwa macho yangu akitikisa nyonga kidogo mbele ya sufuria. Ugali wa siku zile ulikuwa laini ajabu. Lakini kuhusu Iringa hakuwa amebadilika. Nikigusia, anasema mtoto mchanga hapandi basi ya mbali, na anaongeza sauti ya ngoma.

Arobaini ikaisha, Jumamosi ikafika. Tulikwenda kanisani sote watatu, mtoto mgongoni kwa bibi yake. Kijana wa chuo alianza. Alikuwa na pedali kubwa ya kukanyagwa, yenye taa nyingi, na alikuwa anajua, sitamnyima haki yake. Sauti ilijaa kanisa, mwangwi juu ya mwangwi. Kwaya ikapiga makofi.

Nikaketi kwenye kile kiti. Nikachomeka kiboksi kwenye spika ya kanisa, nikabonyeza. Taa ndogo ikawaka, ikafifia, ikafa. Nikabonyeza tena. Nikamtazama mama mkwe, naye akatazama madirisha. Asubuhi nzima alikuwa ameosha vyombo na ngoma zangu masikioni, betri zimeisha zote.

"Tuanze?" akasema mwalimu wa kwaya.

Nikachomoa kiboksi, nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye spika, kavu kama lilivyozaliwa. Nilijisikia nimesimama mbele za watu na khanga moja. Nikaanza. Kumbe vidole vilikuwa vimejifunza kweli, chini ya ule uwanja wa mpira wote. Kila noti ilitoka peke yake, imenawa uso, na ikiisha inampisha mwimbaji. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo, na niliona anavyoingia kwenye ubeti bila kutafuta mlango. Kwaya haikupiga makofi safari hii, kwa sababu ilikuwa inaimba.

Tulipomaliza mwalimu alimwambia kijana achukue gitaa la rizimu. Mimi hakuniambia kitu, ila alisogeza kile kiti kidogo kuelekea spika, mahali ninapopenda kikae. Nilitaka kuruka. Halafu akakumbuka, akakuna shingo. "Lakini Iringa, dada. Na mtoto huyu?"

Wote wakamgeukia mama mkwe, maana neno la mtoto mchanga ni la bibi yake, si la mama yake wala la mwalimu wa kwaya. Na mimi nilimtazama. Nilijua jibu, nililisikia kila siku.

Yeye alikaza mbeleko, akajipa muda wake.

"Mimi narudi kwangu Iringa," alisema. "Kazi yangu hapa imekwisha. Na mjukuu lazima akaonyeshwe kwao, hatuwezi kukaa na mtoto asiyejulikana na ukoo. Nitaondoka naye." Akanigeukia. "Sasa mtoto ananyonya. Mama yake atakuja tu, atake asitake. Akishafika Iringa, Jumapili anakwenda wapi, hiyo mimi sitamuuliza."

Mwalimu wa kwaya akainamisha kichwa kumshukuru. Mimi nililia mbele ya kwaya nzima, nikijifuta na mkanda wa gitaa.

Kanisa la Iringa lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama nje kwenye upepo wa mlimani. Benchi la mbele upande wa kushoto lilikuwa la mama mkwe na wanawake wa ukoo wao, waliokuja kuona mtoto tangu alfajiri, kila mmoja akitaka kujua amefanana na nani, na, kwa kuwa wengi hawakuwa wamewahi kuniona, mama yake ni yupi kati ya waimbaji. Wakawa wanatazama safu ya sauti ya kwanza, wanatazama safu ya pili, wananyoosha vidole. Wimbo ukafika mahali pa solo. Kwaya ikanyamaza, nikabaki mimi peke yangu, na katikati ya kimya kile nikamsikia mama mkwe akisimama, mtoto mgongoni, akiwaambia wenzake kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona:

"Hapana, si hao. Aliyezaa huyu ndiye anayepiga."

Nikakosea noti moja hapohapo, na nikaendelea.